Magunia ya Jumapili

Siku ya pili mizani iligoma mbele ya watu arobaini na mmoja. Mama Ephrasia aliwahesabu bila kutaka, kwa sababu alikuwa anapiga deki veranda ya ofisi, na mtu anayepiga deki huona kila mguu unaoingia. Ilikuwa Jumanne, mwezi wa saba. Ukungu ulikuwa bado umelalia ngolo, yale mashimo ya kulimia, kwenye mlima wa pili, na wanachama wa ushirika wa Kitalawe walisimama na makoti yao na magunia yao ya kahawa ya maganda, wakipuliza viganja kwa baridi.

Sixbert, mpimaji, aliweka gunia la kwanza. Kioo kikaonyesha kilo hamsini na mbili vizuri kabisa, halafu chini yake yakatokea yale maneno mekundu: HAKUNA NAFASI.

"Bado?" aliuliza Meneja Praygod.

"Bado, bosi. Kilo inaonyesha, kuandika inakataa."

Praygod alikuwa mtu wa mkoa mwingine, mpana wa mwili na mwepesi wa sauti, aliyeletwa Mbinga mwaka juzi na akajifunza kula ugali wa kwetu kabla hajajifunza njia. Aligeukia dirisha la chumba cha seva. "Fundi! Njoo huku watu wakuone."

Loveth akatoka, kitenge amekifunga juu ya suruali kwa ajili ya baridi. Alikuwa mtoto wa pekee wa Mama Ephrasia, na chuo alikisoma kwa kahawa ya shamba aliloacha marehemu baba yake. Mama yake alishika ufagio wa deki akasimama.

"Fundi, diski yako inasemaje leo?"

"Bosi, jana nilifuta kumbukumbu za zamani. Zaidi ya nusu ya diski iko wazi."

"Iko wazi."

"Ndiyo, bosi."

"Na mizani inasema hakuna nafasi. Nimwamini nani, wewe au mizani?"

Foleni ikacheka. Mzee Bernadi, mjumbe wa bodi, ambaye mdomo wake ulijulikana mpaka Tingi, akaongezea kutoka juu ya gunia alilolikalia: "Mwacheni azime, awashe. Jana asubuhi alizima akawasha, jana jioni akazima akawasha. Hata mimi redio yangu naitengeneza hivyo hivyo, na chuo sikwenda."

Safari hii walicheka mpaka waliokuwa nje ya geti. Loveth akatazama chini.

"Sasa sikilizeni wote, nisije nikaonekana sikusema," alisema Praygod. "Ijumaa malori yanakuja. Ijumaa hiyo hiyo miezi mitatu ya majaribio ya fundi wetu inaisha. Nina namba ya mtaalamu yuko Songea. Mashine ikiandika, Loveth anapata barua ya ajira. Isipoandika, anapata barua ya asante." Akageuka, akamwona Ephrasia na ndoo yake, na uso ukamlegea. "Shikamoo, Mama."

"Marahaba, baba," alijibu Ephrasia. Amemvua mwanangu nguo mbele ya watu arobaini na mmoja, akawaza, lakini shikamoo hajaisahau. Akakamua dekio na kuendelea.

Siku hiyo waliandika kwa mkono kwenye daftari kubwa, na hadi saa nane walikuwa wamepokea nusu ya foleni. Wengine walirudi na magunia yao mgongoni.

* * *

Jioni, jua likiwa bado juu ya paa la jirani, Ephrasia alisonga ugali na kukaanga usipa. Samaki hao aliwaleta Sixbert mwenyewe. Yeye ni Mnyasa wa Lundo, na kila akirudi kutoka kwao ziwani alimpitishia Mama Ephrasia kifurushi, bila kuulizwa na bila kusubiri ahsante.

"Hebu nieleze," alisema Ephrasia akimega tonge. "Nieleze kama unamweleza mtu wa darasa la saba, kwa sababu ndiye unayekula naye."

Loveth alicheka kidogo, mara ya kwanza tangu asubuhi. "Haya. Seva ni kama ghala. Kila mizani inapopima, inatuma tiketi, na tiketi inawekwa ghalani. Mashine yetu ni ya Linux, haina picha za kubofyabofya, unaiuliza kwa maandishi nayo inajibu kwa maandishi. Nikaiuliza, ghala limejaa? Ikasema asilimia arobaini tu."

"Halafu?"

"Nikafikiri kuna programu imeng'ang'ania faili nililokwisha kulifuta. Faili halionekani tena, lakini nafasi yake hairudi."

"Kama mgeni aliyemaliza kula hataki kuachia sahani."

"Hivyo hivyo. Nikaifunga programu, nikaifungua. Wapi. Nikafikiri labda mizani imenyimwa ruhusa ya kuandika kwenye folda. Ruhusa ipo. Nikafikiri diski imepata hitilafu na mashine imeifunga, isomwe tu isiandikwe. Haijafungwa. Mama, nimekwisha maswali. Na yule wa Songea atakuja, atabonyeza kitu kimoja, watu watapiga makofi."

Ephrasia alitafuna polepole. Hakuwa mtu wa kukurupuka. "Mwaka ule baba yako yuko hai," alisema, "tulipeleka mahindi kwenye ghala la kijiji. Ndani kweupe, nusu ya sakafu haina kitu. Mtunza ghala akatuambia hapokei. Tukamuuliza kwa nini, na nafasi hiyo tunaiona? Akasema kadi zimekwisha. Kila gunia lazima lipewe kadi yenye namba, hata likiwa gunia la debe moja, na yeye boksi la kadi limekwisha. Tukarudisha mahindi nyumbani. Baba yako alitukana njia nzima, Mungu amsamehe."

Loveth alikuwa ameshika tonge hewani. Mchuzi ukamdondokea kwenye kitenge.

"Mama. Rudia."

"Baba yako alitukana..."

"Sio hapo! Kadi!"

"Kadi zilikwisha. Nafasi ipo, kadi hakuna."

Loveth alikwisha simama. Mama yake akamvuta kwa ncha ya kitenge akamkalisha. "Kaa ule. Mashine haina miguu. Kesho asubuhi utaikuta."

* * *

Asubuhi, saa moja kasoro, waliingia ofisini pamoja, mama na ndoo, binti na ufunguo wa chumba cha seva. Chumba kilikuwa kidogo kama cha kuungamia. Loveth aliandika herufi mbili, df, akabonyeza, ikaja ile asilimia arobaini. Akaandika tena, safari hii akaongeza kistari na herufi i, ili iache kuhesabu nafasi na ihesabu kadi.

Asilimia mia moja.

Alipiga yowe mpaka kuku wa mlinzi wakatawanyika. "Mama! Kadi zimekwisha! Ghala tupu, kadi zimekwisha!"

"Jina la Bwana lihimidiwe," alisema Ephrasia. "Nani amezimaliza?"

Hilo ndilo lilikuwa swali. Loveth aliiamuru mashine ihesabu faili folda kwa folda, na mashine ikanyamaza ikifikiri, muda ambao Ephrasia alimaliza makumi mawili ya rozari akiwa amesimama. Jibu lilipokuja, Loveth alilisoma mara mbili. Folda ya mizani ilikuwa na tiketi laki moja na tisini elfu. Za wakulima, zenye namba zao, zilikuwa elfu sita. Nyingine zote hazikuwa na jina.

"Kumbe inaandika hata bila kubonyezwa," alisema Loveth. Wote pale kituoni waliamini mizani haiandiki kitu mpaka Sixbert aweke namba ya mkulima. "Fundi aliyenitangulia aliipanga hivi. Uzito ukibadilika tu, inatengeneza tiketi na kusubiri namba. Namba isipokuja, tiketi inabaki humo milele." Akafungua moja, akafungua nyingine. "Kilo saba nukta nne. Saba nukta tatu. Saba nukta tano. Saba nukta nne tena. Hii ni kahawa gani? Tarehe... Jumapili. Saa tano na dakika kumi."

Ephrasia alisogea akasoma kioo mwenyewe. Jumapili saa tano watu wa Kitalawe wametoka misa ya kwanza. Na kilo saba nukta nne aliijua. Alikuwa ameibeba mwenyewe, inanuka maziwa, imemshika hereni.

Alifungua mdomo. Kabla neno halijatoka, mlango ukajaa Meneja.

"Nimesikia yowe. Zuri au baya?"

"Zuri, bosi! Nimeupata ugonjwa," alisema Loveth, na akamweleza habari ya kadi kwa raha, mikono ikiruka. Praygod alisikiliza, akatabasamu, akampiga bega. "Hongera, fundi. Mtu wa Songea abaki Songea. Ijumaa barua yako ipo." Kisha akainama kusoma kwenye kioo, na tabasamu likakauka. "Jumapili? Nani anapima kahawa Jumapili kwenye kituo cha chama?"

Sixbert aliitwa kabla hajavua koti.

"Ufunguo wa banda unao wewe, sivyo?"

"Ninao, bosi. Na Mama wa usafi anao. Na wewe."

"Mama ni mtu wa kanisa, usimwingize. Kilo saba, kilo tisa, kilo sita. Mnapima kidogo kidogo ili isionekane, eh? Mlanguzi gani huyo anayekuja na ndoo?"

"Bosi, mimi Jumapili nashinda nyumbani. Muulize mke wangu."

"Mke atasema nini zaidi ya ulichomwambia? Kesho saa nne bodi inakaa. Lete maelezo, na yakikosekana tunakwenda polisi." Praygod akapaza sauti ili hata waliokuwa wanaingia getini wasikie. "Yeyote aliyetumia mizani ya chama kwa mambo yake binafsi, awe nani, kwenye chama hiki hana kazi. Nimesema."

Sixbert alivua kofia, akaikunja, akaikunjua. Alimtazama Ephrasia kama mtu anayetazama ukuta autegemee. Ephrasia akainamisha macho kwenye ndoo, akatoka kwenda kumwaga maji ambayo hayakuwa machafu.

Hadi saa sita mizani ilikuwa inaandika. Loveth alitaka kwanza kuzifuta tiketi zisizo na jina zote kwa amri moja, mashine ikamjibu kwamba orodha ni ndefu mno. Praygod naye akakataa zisifutwe, akasema ni ushahidi. Basi Loveth akaiagiza mashine izichambue moja moja kama mtu anavyotoa kahawa mbovu kwenye ungo, izifunge zote kwenye furushi moja linalotumia kadi moja tu, na kuliweka upande mwingine wa diski. Tiketi ya kwanza ya mkulima ilipotoka, foleni ilipiga makofi. "Redio imekamata!" alisema Mzee Bernadi. Ephrasia alisikia makofi hayo akiwa nyuma ya banda.

* * *

Ephrasia alimwambia Loveth mchana huo huo, nyumbani, kabla ya kuvua viatu.

"Zile kilo saba ni Joakim."

"Joakim yupi?"

"Wa Hilda. Mtoto wa Hilda."

Loveth alikaa juu ya kigoda taratibu. Ephrasia akaeleza. Hilda, msichana wa jumuiya yao, alijifungua kabla ya siku, wiki moja kabla ya Noeli, mtoto kama sungura aliyechunwa. Kliniki iko kijiji cha pili, mto katikati, mara moja kwa mwezi. Hilda alikuwa halali kwa kutaka kujua kama mtoto anaongezeka au anapungua. Jumapili moja ya Januari, baada ya misa, Ephrasia alifungua banda, akaweka karai juu ya mizani, akatoa uzito wa karai, akamweka mtoto. Kilo mbili nukta tisa. Jumapili iliyofuata, tatu nukta moja. Hilda alicheza pale bandani.

"Halafu?"

"Halafu akina mama wakasikia. Sasa ni kama ishirini kila Jumapili. Hatuchukui kitu cha mtu, Loveth. Tunafagia na tunafunga."

"Watoto ishirini, tangu Januari. Hiyo si laki..." Loveth akajishika kichwa. "Hawatulii! Mama, gunia likiwekwa linatulia, tiketi moja. Mtoto akiwekwa anarusha miguu, na kila akirusha, tiketi! Mtoto mmoja tiketi mia tatu!" Alianza kucheka, akacheka mpaka machozi, na machozi hayo katikati ya njia yakageuka yakawa ya kweli. "Mama, usiseme."

"Sixbert je?"

"Sema Jumatatu. Barua ni Ijumaa, kesho kutwa tu. Ukisema leo watasema mama aliharibu, mtoto akajifanya anaokoa, tulipanga wawili. Na umesikia alivyosema, awe nani. Tutafukuzwa wote, siku moja, nyumba moja."

"Watasema hivyo, ndiyo."

"Sasa?"

"Na Sixbert alale wapi mpaka hiyo Jumatatu?"

Loveth alianza kuvua viatu.

"Usipa uliokula jana ulitoka kwa nani?"

"Mama, unanionea."

"Nakuonea, najua." Ephrasia alimfuta uso kwa ncha ya kanga kama alivyomfuta akiwa darasa la kwanza. "Mimi leo nimetazama ndoo wakati mtu ananitazama mimi. Sijawahi kufanya hivyo tangu nizaliwe. Sitafanya siku mbili."

* * *

Bodi ilikaa bandani, kwenye benchi, kwa sababu ofisi haikuwatosha. Sixbert alisimama pembeni ya mizani yake, amevaa shati la Jumapili. Praygod alikuwa ndiyo kwanza amefungua faili pale Mama Ephrasia alipoingia, na nyuma yake Hilda na mtoto mgongoni, na nyuma ya Hilda mstari wa akina mama wenye watoto wao, kama wanakwenda kubatiza.

"Mama, tuna kikao," alisema Praygod kwa upole.

"Najua, baba. Nimekuja kwenye kikao." Alisimama wima, mikono ameifumbata. "Jumapili hapa anayefungua ni mimi. Sixbert hajui lolote. Kahawa haikuwahi kupimwa. Tulipima watoto."

Mzee Bernadi akauliza, "Laki moja na themanini elfu? Kitalawe hatujazaana kiasi hicho."

"Hawatulii," alisema Loveth kutoka mlangoni. Hakupanga kuja, alikuja. Akaenda akasimama karibu na mama yake. "Bosi, niruhusu nionyeshe."

Hilda alimfungua Joakim, akamweka juu ya mizani. Mtoto alikuwa ameshiba na ana furaha. Aliona kioo kinawaka, akaanza kupiga teke. Loveth akawa amewageuzia bodi kioo cha kompyuta, na tiketi zikaanza kumiminika, saba nukta sita, saba nukta nne, saba nukta saba, mstari juu ya mstari, mpaka Mzee Bernadi aliyekuwa anahesabu kwa kidole akashindwa. "Mtoeni! Mtoeni, atatumalizia kadi!"

Banda likalipuka kwa kicheko. Hata Sixbert alicheka, mkono machoni. Praygod peke yake alikaza uso.

"Sixbert, nimekukosea," alisema. "Nakuomba radhi mbele ya bodi. Lakini Mama, jana nilitamka mbele ya watu. Yeyote, awe nani. Nikirudi nyuma leo, kesho nani atanisikia?" Akamtazama Loveth, na hakuitamka barua, lakini wote waliiona hewani. "Kabla sijasema zaidi, nijibu moja. Kuna mwingine aliyetumia mizani hii kwa mambo yake?"

Ephrasia alimjua mwingine mmoja. Afagiaye mapema huona mengi. Lakini alikuwa amekuja kuungama, na mtu huungama dhambi zake, haungami za jirani. "Mimi nimesema zangu, baba," alijibu.

Hilda akaingilia, hana habari ya mambo hayo. "Dada Loveth, kabla hamjafuta, naomba nikione kipimo chake cha kwanza. Cha Januari. Kadi yake ya kliniki ililowa mvua."

Loveth alitazama bodi. Bodi ikatazamana. Mzee Bernadi akapunga mkono, mpe. Furushi likafunguliwa, printa ikalia, na karatasi ikatoka: *Mkulima: hajulikani. Aina: maganda. Uzito: kilo 2.9. Unyevu: haujapimwa.*

"Unyevu huo ungepimwa mngejuta," alisema mama mmoja, na kila mmoja akataka ya mtoto wake. Loveth akawatolea, ya kwanza na ya mwisho kwa kila mtoto, akifuata Jumapili na zamu walizozikumbuka. Hilda alishika zake mbili, 2.9 na 7.4, akazitazama, akamfunga Joakim mgongoni akiwa haoni vizuri kwa machozi.

"Sasa tumalize kazi," alisema Mzee Bernadi. "Watoto tumewaona. Mimi nataka zilizozidi kilo ishirini. Wizi kama upo, uko huko. Tumsafishe Sixbert mpaka kisogoni, isije kesho mtu akasema tulicheka tukasahau."

Lilikuwa neno la haki. Loveth akaandika amri, akapanga kwa uzito. Hazikuwa nyingi. Akasoma kwa sauti: "Tisini na tano nukta mbili, Jumatatu, saa moja na nusu asubuhi. Tisini na tano nukta sita, Jumanne, saa moja na nusu. Jumatano, saa moja na nusu..." Sauti ikaanza kumpungua. Aliacha kusoma.

"Endelea," alisema Bernadi. "Gunia gani hilo la kilo tisini na tano, linakuja kila siku ya kazi na kuondoka? Sixbert, wewe unafika saa ngapi?"

"Saa mbili, mzee."

"Basi nani yuko hapa saa moja na nusu?"

Mama Ephrasia alikohoa. "Litakuwa gunia la kujaribia mizani," alisema, akitazama sakafu aliyoifagia mwenyewe. "Mizani lazima ijaribiwe asubuhi."

Alikuwa hajui kusema uongo, na ulimtoka umepinda. Praygod alimtazama mwanamke huyu, aliyekuja kujishitaki mwenyewe na sasa anajaribu kumfunika yeye kwa gunia. Masikio yalimwiva. Alifunga faili.

"Si gunia, Mama," alisema. "Ni mimi."

Kicheko hakikuja mara moja. Kilianza kwa Hilda, aliyejiziba kwa mkono, kikapita kwa akina mama, kikafika kwenye benchi la bodi na hapo kikapasuka kabisa. Praygod alisubiri, kisha mabega yake mapana yakaanza kutikisika nayo.

"Daktari aliniambia nijipime kila asubuhi," alisema alipoweza. "Nyumbani sina mizani inayonitosha. Na ningeapa kwamba haiandiki."

"Yeyote, awe nani," alikumbusha Bernadi, akifuta macho. "Bodi tufanyeje? Tukimfukuza Meneja, tutamsafirisha na nini? Malori ya Ijumaa yamejaa."

Wakakubaliana bila kupiga kura. Tamko la jana liliondolewa na aliyelitamka. Mizani itawekewa kitufe, isiandike mpaka mpimaji abonyeze. Loveth akasema ni kazi ya nusu saa. Jumapili banda litafunguliwa kwa muda wa saa moja baada ya misa kwa ajili ya watoto, ila atakayefungua ni Sixbert, na Mama Ephrasia arudishe ufunguo, maana aliufungulia bila ruhusa. Hilo lilimchoma, lakini aliuona ni haki. Aliuchomoa kwenye fundo la kanga, akampa Sixbert kwa mikono miwili.

"Naomba radhi kwa jana, baba. Niliangalia ndoo."

"Nilikuona, Mama," alisema Sixbert akiupokea. "Nikajua lipo jambo. Ndoo ilikuwa na maji safi."

Watu walianza kutoka. Praygod alibaki kwenye kompyuta, ameinama nyuma ya Loveth, na akateremsha sauti, ingawa Ephrasia aliyekuwa anakusanya mabenchi alisikia kila neno.

"Fundi. Ile ya kwanza kabisa inasoma ngapi?"

"Tisini na tano nukta mbili, bosi. Mwezi wa tano."

"Na ya mwisho kabisa?"

Loveth akateremka hadi mstari wa chini. "Tisini na sita nukta nne."

"Na nimeacha chapati."

"Ndivyo ilivyoandika, bosi."

Praygod alivuta pumzi ndefu. Akafungua faili lake, akatoa barua ambayo ilikuwa imechapwa tayari, akaiweka juu ya mizani kwa kukosa meza, akatia sahihi kwa nguvu, akapiga mhuri, na kioo kikacheza kwa uzito wa mkono wake. Ilikuwa bado Alhamisi.

"Karibu kazini," alisema, akampa. "Sasa futa."